Siku Nilipokataa Kufagia Nyayo za Shemeji

Mtu akinikuta njiani hapa Kasongo akaanza kucheka kabla hata ya kunisalimu, najua kabisa amesimuliwa nini, na najua amesimuliwa vibaya, maana watu wameongeza chumvi mpaka wengine wanasema nilikimbia uchi hadi Nyangwe (uongo mtupu, sikufika hata sokoni), kwa hiyo leo nisikilizeni mimi Feruzi, mwenye aibu yake, niwaambie ilivyokuwa. Mtacheka, najua. Chekeni tu. Ila tukifika mwisho msiniulize kwa nini mimi sicheki.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, wakati wa pamba. Kila mwanamume mzima alikuwa na shamba lake la pamba, atake asitake, na pamba yote ya upande huu, ya Lusangi, ya Nyangwe, hata ya kule njia ya Kabambare, ilibebwa vichwani mpaka kwenye kiwanda cha kampani pale Kasongo, ambacho sisi tulikiita izini. Ndani yake palikuwa na mashine moja kubwa ya kuchambulia pamba. Moteri iliizungusha kwa mkanda mrefu wa ngozi, pamba ikaingia kwa mdomo wa juu, mbegu zikaanguka chini, na nyuzi zikapulizwa kupitia bomba nene la bati hadi chumba cha pili walikofunga marobota. Mkiulizwa pamba ni nini mtasema ni kitu cheupe, laini, kizuri. Mimi nitawaambia pamba ni vumbi. Inapeperuka, inaingia puani, masikioni, kwenye chakula, unaikohoa mpaka Jumapili ukiwa umekaa kwako, na zaidi ya yote inajikusanya juu ya mashine, inakunywa mafuta, inageuka uji mweusi unaoziba kila tundu.

Fundi wa mashine hiyo alikuwa shemeji yangu Sumaili, mume wa dada yangu mkubwa, yaya Mwamini (dada mkubwa kwetu ni yaya). Alikuwa mtu wa Kabambare, mrefu, mkimya, mguu wake wa kushoto hauna kidole gumba kwa sababu ya jembe alipokuwa kijana. Mimi nilikuwa msaidizi wake. (Msaidizi! Kwa wasichana nilisema mimi ni fundi wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa ufagio na kopo la mafuta.) Kengele ya kupumzika ikilia wengine walikimbilia mihogo yao, sisi tukabaki, tukaizima moteri, tukafagia chini, tukaondoa manyoya ya pamba kwenye mkanda, tukafungua bomba na kulikwangua ndani, tukapangusa kila kikombe cha chuma ambamo mhimili unazungukia. Nilinung'unika kila siku. Tumbo lililia, na yeye anapangusa tu, kitambaa chake mkononi.

"Feruzi," aliniambia, "ile mashine iko napumua sawa mutu. Weye ukiiziba pua, itakufa."

"Shemeji, jana tulifagia."

"Jana iko jana. Pamba ya leo haijui kama jana ulifagia."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi, na mashine haikupata kusimama hata siku moja kwa ubovu, mpaka Bwana mwenyewe akawa anajisifu kwa Wazungu wenzake. Bwana huyo, mkubwa wa kiwanda, sisi tulimwita Bwana Upesi, maana katika Kiswahili chote neno hilo ndilo alilolipenda.

Shemeji alifia kazini. Asubuhi mashine imeshachangamka, yeye amesimama mahali pake, mkono mmoja juu ya bati kama anasikiliza, mara nikamwona anachuchumaa, nikadhani anatazama mkanda, kumbe ndiyo anakwenda. Tulimlaza pale pale kwenye vumbi. Jioni tulimzika, mwalimu wa dini akasoma, watu wakalia, na mimi nililia kuliko wengi, kwa sababu mtu yule ndiye aliyenitoa kwenye shamba la pamba la lazima akaniweka kivulini.

Sasa niwaeleze jambo moja, maana wengine mmekulia mijini. Kwetu nyumba ya matanga haifagiwi. Mambo haya hayamo katika kitabu cha mwalimu, ni ya wazee, lakini kila mtu aliyafuata. Nyayo za marehemu ziko bado sakafuni, na ukizifagia kabla ndugu zake hawajaja kuondoa matanga, ni kama unamfukuza na fimbo. Vumbi linaachwa, majivu yanaachwa. Mjane anakaa mkekani na kamba ya gome shingoni, haongei na mwanamume yeyote, akitaka kitu anamnong'oneza mwanamke aliye karibu. Na hatoki katika nyumba ile mpaka ndugu za mumewe waje kumfungua kamba. Akitoka kabla, watasema amemkimbia mume, kwa hiyo ndiye aliyemuua, na watoto watachukuliwa. Yaya Mwamini alikuwa na watoto wawili, mmoja bado mgongoni.

Ndugu za Sumaili walikuwa mbali, ndani kabisa ya Kabambare, kwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Na nyumba aliyokaa yaya ilikuwa ya matofali, ya kambi ya kampani, nyumba ya fundi. Mmeanza kuona tatizo lilipo. Nilikwenda kwa Bwana Upesi, kofia mkononi, nikamwomba dada yangu akae mpaka wakwe wafike.

"Wewe najua mashine?"

"Najua, Bwana."

"Mashine natembea, mwanamke nakaa. Mashine nasimama, mimi naita fundi ya Kindu, na yeye nataka nyumba. Umesikia? Haya, upesi!"

Nilitoka pale nimefura kifua. Kuiendesha mashine nilijua kweli, nilikuwa nimeitazama miaka. Niseme ukweli, katika huzuni yangu kulikuwa na kipande kidogo cha furaha: mimi fundi! Nikapita kwa yaya, nikamwambia kwa sauti nikiwa nje ya mlango asiogope, nyumba haitatoka mikononi mwake maadamu mimi niko.

Kesho yake nikafungua kiwanda, nikashika ufagio, na sikuanza hata kufagia. Palikuwa na mama mmoja aliyechagua pamba chafu kutoka safi, Bibi Sifa, mjane wa zamani, mwanamke wa kuheshimiwa, mwenye ulimi. Alisimama mlangoni, akanyoosha kidole chini.

"Feruzi, uko nafanya nini?"

"Nafagia, bibi."

"Unafagia nini? Hebu tazama."

Nikatazama. Mbele ya mashine, katika vumbi la pamba, palikuwa na nyayo za shemeji. Zote. Mguu wa kulia mzima, na wa kushoto usio na kidole gumba, pale aliposimama, pale alipogeuka, na pale alipochuchumaa.

"Mutu aliishi hapa kuliko kwake," Bibi Sifa akasema. "Alikufa hapa. Hii ndiyo nyumba ya matanga. Na weye, shemeji yake, ndiye wa kumufukuza?"

Wafanyakazi wote walikuwa wameacha kazi wakinitazama. Nikaegemeza ufagio ukutani. Hilo ndilo jambo lenyewe, ndugu zangu, uamuzi mdogo hivyo, ufagio ukutani, na watu wakaguna kwa kuridhika, na kapita wetu, mzee mmoja mpole aliyesimamia zamu, akanipiga begani akasema nina adabu. Nami nikajiona mtu wa adabu kweli.

Basi mashine ikawa inatembea katika matanga. Kuzunguka zile nyayo hatukukanyaga, tulipita pembeni, tukimwaga pamba juu kwa kujinyoosha. Bomba sikulifungua, kwa sababu ili ulifungue lazima usimame pale pale. Vikombe sikuvipangusa, kwa sababu hiyo hiyo. Siku za kwanza sikuona tofauti yoyote, nikasema kumbe shemeji alitutesa bure! Halafu manyoya yakaanza kuning'inia kwenye mbao za paa. Halafu mkanda ukawa na nywele. Mashine ikabadilisha sauti, ikawa inakoroma, na vikombe vya mhimili vikawa na joto ambalo mkono haukai. Mimi, fundi mkuu, nikafanya nini? Nikaongeza mafuta. Nikamwaga mafuta juu ya uchafu, uchafu ukayanywa ukanenepa, nikaongeza tena. Akili yangu yote iliishia kwenye kopo lile.

Jioni moja nilikwenda kwa yaya kumpa habari. Alikuwa mkekani, vumbi limejaa, mtoto analala. Kwa kuwa hawezi kunijibu, nilikaa kizingitini nikasema peke yangu, nikajisifu kidogo, nikamwambia kule kazini tunamheshimu marehemu hasa, tangu afe sijafagia mashine hata mara moja, nyayo zake ziko zote. Yaya akainua uso. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, machozi yakamtoka, akageuka kumnong'oneza mwanamke aliyekuwa naye, lakini mwanamke yule (Mungu amsamehe, alikuwa mzee na masikio mazito) akasema tu, "Anaumia, mutoto, muache apumzike." Nikadhani ni uchungu wa mume. Nikaondoka nikiwa nimeguswa na mapenzi yao. Kumbe mke wa fundi yule alikuwa ameishi naye miaka yote, amefua vile vitambaa vyake vya kupangusia, na alikuwa ananiambia hapana kwa njia pekee aliyoruhusiwa.

Ikaja habari kwamba Bwana Mkubwa wa kampani anatoka Kindu kuja kutazama kiwanda, pamoja na madamu wake. Bwana Upesi akachanganyikiwa kwa woga. Akapita akipiga kelele, safisha yote, yote, upesi! Mimi nikafagia uwanja, nikafagia chumba cha marobota, nikapaka chokaa mawe ya njiani. Nikafika kwenye mashine, nikasimama. Bibi Sifa alikuwa anachagua pamba yake bila kunitazama, na kutonitazama kwake kulikuwa kukali kuliko maneno. Wakwe walikuwa njiani, tulishasikia wamevuka mito ya huko kwao, bado kidogo tu watafika. Sasa nifagie leo, baada ya kuvumilia kote kule? Nikapata wazo. (Niogopeni ninapopata wazo.) Nikachukua magunia mapya, mazuri, nikayatandika chini kuizunguka mashine yote, juu ya nyayo, juu ya manyoya, juu ya uchafu, nikayalainisha kwa mikono kama shuka. Ilipendeza! Bwana Upesi akachungulia, akaona safi, akasema bon, yaani vizuri, akaenda zake.

Siku yenyewe ikafika, na ilikuwa siku ya kupokea pamba, kwa hiyo uwanja ulijaa watu wa Lusangi na vikapu vyao, wamepangwa mstari mrefu tangu alfajiri. Sultani, chifu wetu wa hapa, alikuwepo na kofia yake. Bwana Mkubwa akaja, mtu mnene mwenye ndevu, na madamu katika gauni jeupe, wakasimama mbele kabisa ya mashine, karibu na bomba. Milango mikubwa iliachwa wazi ili wakulima nao waone pamba yao inavyofanywa. Na katika mstari ule, karibu kabisa na mlango, nani alikuwa amesimama na kikapu chake cha pamba? Mama mkwe wangu, mzaa mke wangu. Sikujua atakuja. Mnajua kwetu mkwe ni mtu wa namna gani, ukimwona njiani unaacha njia unaingia majanini mpaka apite. Nikainamisha uso, nikajiambia nitazame kazi tu.

Bwana Upesi akainua mkono. Nikawasha.

Mwanzoni ikatembea. Ikakoroma, lakini ikatembea, Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, madamu akatabasamu. Halafu upepo wa mkanda ukaanza kuyanyanyua magunia yangu. Kona moja ikapiga piga sakafu. Nikaikanyaga kwa mguu, huku nikitabasamu. Kona nyingine ikanyanyuka, nikainyooshea mguu wa pili, nikawa nimetanuka pale mbele za wageni nikizuia magunia, jasho linanitoka, bado natabasamu. Gunia la tatu likaruka. Mkanda ukalidaka, ukalimeza, ukajikunja na kutoka kwenye gurudumu lake, ukaanza kupiga huku na huku, na katika kupiga ukanipitia nyuma, ukashika kaputula yangu ya kampani, ukaondoka nayo.

Nimesema tuseme ukweli leo. Kaputula ilikwenda yote. Nilibaki na shati, na kiunoni kamba ya gome tuliyojifunga sisi ndugu kwa ajili ya matanga, basi. Paja langu lilikuwa linatoka damu wala sikuihisi. Nikageuka nikimbie, nikakutana uso kwa uso na mama mkwe. Hakupiga kelele. Aliinua kikapu chake polepole akajifunika kichwa, pamba yote ikamwagika mabegani.

Nikarudi upande wa mashine, na hapo ndipo bomba lilipopasuka. Lilikuwa limeziba siku zote zile, moteri imeendelea kupuliza, upepo haukuwa na pa kutokea, basi ukatokea kwenye kiungo, mbele ya uso wa Bwana Mkubwa. Si pamba nyeupe iliyotoka. Ni ule uji, manyoya meusi ya mafuta yangu niliyokuwa naongeza kila siku, vipande kwa vipande, juu ya ndevu, juu ya gauni la madamu, juu ya kofia ya sultani. Na mimi, katika kutafuta cha kujisitiri, nikachota pamba kutoka kwenye rundo kwa mikono miwili nikajibandika, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa mafuta ikanata kweli, nikawa nimesimama pale na mkia mweupe kama kuku. Kisha mtu mmoja mstarini akacheka, na baada yake watu wote wa Lusangi wakacheka, watu ambao hawakuwa wamecheka tangu msimu uanze, wakacheka mpaka wakakaa chini juu ya vikapu vyao.

Nikisimulia mpaka hapo, kila mtu anafurahi. Watu wote huishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo.

Moshi ulianza kutoka kwenye mhimili. Vikombe vilikuwa vimepata moto mpaka chuma laini cha ndani kikayeyuka, na manyoya yaliyolowa mafuta pale yakashika moto mdogo, mwekundu, usio na mwali. Tukaukimbilia na ndoo. Wakulima waliacha kucheka wakasaidia. Moto ulizimika, kiwanda kilipona, lakini maji, miguu ya watu, magunia, vyote vilipita mbele ya mashine, na tulipomaliza pale chini palikuwa tope tu. Nyayo hazikuwepo. Hata unyayo mmoja.

Bwana Upesi alinijia, uso wake mweusi kwa mafuta, hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mimi nasema safisha?"

"Ulisema, Bwana."

"Sasa kwa nini?"

Nikamweleza. Nimesimama na gunia kiunoni, nikamweleza habari ya matanga na ya nyayo, na kadiri nilivyosema ndivyo maneno yalivyokuwa madogo mdomoni. Bibi Sifa alikuwa karibu, akafungua mdomo anisaidie, akaufunga. Bwana Upesi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sumaili alifagia kila siku. Wewe nasema heshima ya Sumaili?" Mtu aliyechukia uchafu wa mashine kuliko kitu chochote duniani, mimi nilimwekea mashine yake katika uchafu nikaita heshima.

"Fundi nakuja na kamyo," akasema, yaani lori la kampani. "Nyumba iwe wazi. Iwe safi."

Nilimwomba. Nilipiga magoti na lile gunia langu. Kapita naye aliomba. Akasema tulikuwa na mapatano, mashine inatembea, mwanamke anakaa, na mashine haitembei. Akaenda kumwoshea madamu mikono.

Nilimwambia yaya mwenyewe, sikutaka alisikie kwa mwingine, ingawa kicheko kilikuwa kimeshafika kambini kabla yangu. Alinisikiliza. Nikamwambia tusubiri, tuufunge mlango, tusitoke, wakwe wako njiani. Lakini mlinzi wa kambi alikuwa ameshatumwa, amesimama uwanjani na karatasi na fimbo yake, akikwepa kututazama. Yaya akainuka mkekani. Akafunga vyombo. Akambeba mtoto. Na kwa kuwa Bwana alisema nyumba iwe safi, na mlinzi alisema kama si safi nitalipa mimi kwa mgongo wangu, akachukua ufagio.

"Nipe, yaya, nifagie mie."

Hapo ndipo aliponena na mimi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sauti ilikuwa imekauka kwa kunyamaza.

"Acha," akasema. "Pale kazini ndiyo ungefagia. Hapa acha mie."

Akafagia. Alianzia ukutani, mtoto mgongoni, akarudi nyuma kidogo kidogo, majivu, vumbi, na kila unyayo wa mume wake aliokuwa ameulinda siku zote zile akikaa pembeni ya mkeka ili asiukanyage. Alipofika mlangoni hakugeuka kutazama. Tulimchukua kwangu. Wanawake wa kambi walisimama milangoni, na hakuna aliyecheka.

Wakwe walifika. Hawakuchelewa sana, walifika wakiwa wamechoka, miguu imevimba, na mbuzi wa kuondolea matanga, wakakuta sakafu imefagiwa, nguo za mtu mgeni zimeanikwa uwanjani, na sufuria yake jikoni. Walielekezwa kwangu. Nikawaeleza yote, nikachukua kosa lote, nikawaonyesha hata kidonda cha pajani. Kaka mkubwa wa Sumaili alinisikiliza kwa heshima kisha akasema, "Tumesikia. Lakini alitoka. Na alifagia kwa mukono wake." Hawakumfungua kamba. Wakawachukua watoto, hata yule wa mgongoni, wakarudi Kabambare na mbuzi wao. Yaya hakulia mbele yao. Alilia baadaye, na mimi nilikaa nje ya mlango nikisikia, nikitamani mtu anipige.

Mimi nilirudishwa kwenye shamba la pamba, na hiyo ilikuwa haki yangu. Miaka ikapita nikapata kazi kwenye mashine ya mpunga ya mfanyabiashara mmoja, na hapo nimefagia mpaka watu wakaniona nina kichaa. Siku aliyokufa baba yangu mzazi nilitoka makaburini nikaenda kuikwangua pumba ile mashine, udongo wa kaburi bado mikononi. Walisema sana. Waseme. Watoto wa Sumaili walikuja kumtazama mama yao walipokuwa wakubwa, wakamsalimia kama wanavyomsalimia mama wa mtu mwingine, na yeye mwenyewe aliikata ile kamba kwa kisu siku moja ilipoanza kuoza, bila kumwambia mtu.

Juzi juzi tulikuwa tumekaa uwanjani, mimi na watoto wangu, yaya anachambua majani ya mihogo, nikaanza kutoa wasia kwa maneno makubwa kama kawaida yangu. Nikasema mambo ya nyayo nimeyaacha, siku nitakayokufa maiti haijatoka mlangoni, shikeni ufagio, fagieni nyumba yote. Yaya akaacha majani.

"Feruzi, weye unaona ni kazi rahisi. Mie niliifanya. Usiwape watoto ile kazi."

Nikaufuta wasia wangu pale pale. Basi nyumba yangu waiache na vumbi lake mpaka watakapokuwa tayari. Mashine nitaifagia mimi, kila siku, maadamu bado nasimama.